Maadamu Honi Inalia

Maji ya Chai,
Arusha.
Ijumaa, Julai 1994

Dada yangu Tabea,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza utaipokea umesimama mlangoni unashangaa Ndeshi amefikaje Morogoro peke yake na kifurushi cha nguo. Mpokee kwanza. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, halafu ndipo ukae usome. Nakuomba usimuulize kitu mpaka umalize barua hii. Huku kwetu hatujambo ya kusema tu. Baridi ya Julai imeshuka toka mlimani na ukungu hauondoki mpaka mchana. Mama yupo, magoti yanamsumbua ila ulimi haujambo, anakusalimu na kukulaumu kwa ukimya. Vipi kile kifua chako? Vipi shemeji na kazi yake ya reli? Na huyo kitinda mimba wenu, ameshaanza kutembea?

Barua yako niliipata. Ulitupa pole kwa yaliyompata shemeji yako Gerson, kisha ukauliza swali moja tu: ni nani aliyempigia yowe? Dada, hilo ndilo swali la Maji ya Chai nzima, kuanzia mashineni hadi kanisani. Gerson analijibu kila siku kitandani hospitali, taya limefungwa waya. Anasema ni Maria, mke wa Sumari, jirani yetu wa chini, na kwamba alitumwa na mumewe kwa sababu ya ule ugomvi wetu wa mpaka. Ndugu zake wamemwamini. Eliamini, mdogo wake, ameapa mbele ya mama mkwe kwamba siku Gerson atakaporudi, nyumba ya Sumari itachomwa moto na waliomo ndani. Gerson anaruhusiwa Jumatatu. Kwa hiyo sina muda wa kukuzungusha. Nitakueleza tangu mwanzo, na mwanzo wake ni betri ya gari. Usicheke.

Unaikumbuka pikapu yetu, ile iliyokupeleka stendi ulipokuja kumzika baba. Betri yake ilianza kuchoka tangu mwaka juzi. Asubuhi ukizungusha ufunguo, stata inakohoa mara moja inanyamaza. Mtu mwingine angenunua betri mpya yakaisha, lakini Gerson unamjua, yeye ni mtu wa miaka ile ya foleni. Tulipooana sabuni tulinunua kwa kibali, na betri ya gari ilikuwa kitu cha kumwomba mkubwa fulani ambaye naye anamwomba mwingine. Basi akazoea kwamba kitu hakitupwi kikiwa bado kinapumua. Leo ni enzi za ruksa, betri zimepangwa kwenye baraza za maduka ya Levolosi kama malimau, na hela ya kahawa tulikuwa nayo. Haikuwa shida ya hela, dada, uniamini. Ilikuwa kichwa chake. Aliiongezea maji, akaisugua vichwa kwa maji ya moto, kuna majuma aliileta jikoni kwangu ikalala karibu na jiko kama mgonjwa. Nikimwambia imekwisha, anakwenda anabonyeza honi. Ikilia, ananigeukia. Maadamu honi inalia, anasema, betri ni nzima.

Akawa anaegesha gari juu, penye mteremko wetu, pua ikitazama barabara ya chini. Asubuhi anaachia breki ya mkono, gari linashuka kimya, likifika karibu na kwa Sumari anatia gia, linashtuka, linanguruma, anakwenda zake na ndizi sokoni Tengeru. Wengi wa huku milimani wanafanya hivyo, si ajabu.

Sasa sikiliza. Mwaka jana wezi wa magari walituzidi. Walikuwa wanakuja alfajiri na ukungu, wanasukuma gari la mtu likashuka mteremko bila kuwashwa, na likisikika linanguruma liko lami, ukija kuuliza liko ng'ambo ya mpaka Namanga. Mwizi mmoja alikamatwa karibu na soko akachomwa. Gerson ndiye aliyepeleka tairi, na alirudi nyumbani akala kwa hamu, anasimulia kama mtu aliyetoka harusini. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama. Akasema ole wetu tukiendelea kulala. Akatoa sheria, na watu wakaipigia makofi: mwenye gari akishuka mteremko apige honi tatu ili tumjue, na gari lolote litakaloshuka kimya bila honi, hilo ni la mwizi, lipigiwe yowe na kila mwenye mkono atoke. Akaongeza kwamba mwizi asipewe nafasi ya kusema, kwa kuwa wezi wa siku hizi wanajifunza mpaka jina la mwenye gari. Piga kwanza, alisema, jina atalisema kwa Mungu. Sumari alikuwa peke yake aliyeuliza, je, wakikosea? Gerson akamwambia mwoga akae na wanawake. Watu wakacheka sana siku hiyo.

Hiyo ndiyo ikawa kawaida yetu. Kila asubuhi ya soko, honi tatu, na watu wanageukia upande wa pili kulala. Ila mimi niliyekuwa nalala karibu na gari nilisikia zile honi zinavyopungua nguvu. Mwezi wa tano zilikuwa zinalia kama mbuzi aliyekabwa.

Siku moja kabla ya balaa tulikwenda mjini, tukapita Levolosi kwa Jamaldini anayeuza na kuchaji betri. Kijana wa adabu, anamwita kila mwenye mvi baba. Akafungua vifuniko, akachovya kipimo chake chumba baada ya chumba, akasema vyumba viwili vimekufa na vingine vinasindikiza. Gerson akambonyezea honi. Ikalia. Jamaldini akacheka akamwambia, baba, betri haiagi mtu. Leo inalia, kesho haina hata cheche, na haitakuambia. Gerson akasema hao Waislamu wa mjini kazi yao ni kuuza tu. Mimi mdomo wangu unaujua. Nikasema pale pale mbele ya watu kwamba kijana amesema kweli, na kama mume wangu anaona uchungu kulipa basi nitalipa mimi, kahawa nimechuma mimi. Looo! Watu wakaguna, mmoja akapiga mluzi. Gerson akafunga boneti kwa kishindo. Njia nzima aliendesha bila kunigeukia, na mimi nikajua.

Tulipofika nyumbani alingoja nishushe mizigo. Akachukua zile waya nene za kuazimia moto gari kwa gari, zenye mameno ya shaba huku na huku, akazikunja mkononi akanichapa nazo pale pale uani. Alinichapa mgongo, akanichapa miguu, nilipoanguka akanichapa nikiwa chini. Meno ya waya yalinipata mdomoni na jino langu la mbele likatoka, nikalitema kwenye majani ya ndizi. Haya si mageni kwako, dada. Uliyaona mabaka ulipokuja msibani ukaniuliza kwa nini nisirudi kwa mama, ingawa kabla ya hapo wewe ndiye uliyekuwa unaniandikia nivumilie. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilikujibu kwamba hajamgusa mtoto. Kumbe na mimi nilikuwa na honi yangu ya kupimia. Kila nilipoumia nilijiambia, maadamu hajamgusa Ndeshi, nyumba bado ipo.

Siku hiyo Ndeshi alitoka jikoni akaudaka mkono wa baba yake. Gerson akamgeukia. Zile waya zilimpiga shingoni na sikioni, mtoto akazunguka mara moja akakaa chini bila kulia. Damu ikatoka sikioni. Gerson akatutazama wote wawili, akazitupa waya, akaingia ndani akaomba chakula. Nami nikampakulia, dada. Mikono ikampakulia, kichwa changu kilikuwa kwingine.

Alfajiri yake ilikuwa siku ya soko. Baridi kali, ukungu umejaa hata migomba ya karibu huioni vizuri. Gerson akavaa koti lake na mzula wa sufu, akaushusha mpaka shingoni, yakabaki macho tu. Akapanda gari. Betri ilikuwa imemalizika hapo usiku, hakuna taa, hakuna chochote. Akabonyeza honi haikulia. Akaibonyeza tena na tena, akaipiga kwa ngumi, akatukana. Mtu wa akili angeshuka. Yeye akaachia breki, maana ndizi zilishapakiwa na mtu kama yeye harudishi mzigo chini. Gari likashuka kimya kwenye ukungu, bila taa, bila honi. Ndipo yowe likapigwa. Sauti ya mwanamke, kutoka migombani: mwizi, mwizi wa gari!

Huku kwetu yowe halijadiliwi. Asiyetoka ndiye atakayeulizwa. Watu walitoka kila ua na mapanga, marungu, majembe, wengine vifua wazi. Gerson akatia gia pale anapotiaga siku zote, lakini betri tupu haina hata cheche, gari likatetemeka likafa, likaendelea kujiburuza mpaka darajani. Hapo wakalizingira. Jiwe la kwanza lilivunja kioo. La pili lilivunja taya. Alivutwa kupitia dirishani, vioo vikamchana tumbo, akaangushwa kwenye changarawe na wakaanza. Nilikuwa nimeshafika, niliona. Rungu likishuka juu ya goti linatoa sauti, dada, sitaki uijue. Alijikinga kichwa kwa mkono, panga likapita na vidole viwili. Alikuwa anasema ni mimi, ni mimi Gerson, lakini kwa taya lile na mdomo umejaa damu na sufu, ilitoka kama mlio wa ng'ombe. Wachache waliomwelewa ndio waliozidisha. Mmoja alipaza sauti kwamba Gerson alishatuambia, watajitaja kwa jina la mwenye gari! Wakamjibu kwa mawe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Walitoa tairi la akiba la gari lake mwenyewe wakamvisha. Wakanyonya petroli kwenye tangi lake mwenyewe wakammwagia. Kiberiti kilikuwa kimeshawashwa Sumari alipoinama kuuvua ule mzula. Baadaye alieleza kwamba alitaka tu uso wa mwizi uonekane kabla haujaungua, mama yake asije akakosa wa kumlilia. Akauvua, akamwona. Akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia mwanamume akiipiga, akajilaza juu ya Gerson mzima mzima. Kiberiti kikamwangukia yeye. Mkono wake wa kulia ukashika moto mpaka begani, na marungu mengine yalimpata mgongoni kabla watu hawajasikia anachosema. Ngozi ya mkono huo imetoka kama ganda la ndizi ya kuchoma. Sumari hafichi kwamba lile jiwe la pili lilikuwa lake. Anasema aliitikia yowe kama wote, na kama Gerson anataka malipo ya taya atamlipa, ila yowe hakupiga yeye wala mkewe.

Gerson hasikii hayo. Anachokumbuka ni uso wa Sumari juu yake na harufu ya petroli. Na kila mtu anasema sauti ilikuwa ya mwanamke, na ilitoka upande wa mpaka wetu na wao. Basi imekuwa Maria. Juma lililopita shemeji zangu waliingia shambani kwa Sumari mchana kweupe wakakata migomba yote yenye mikungu, wakamchinja mbuzi wake wa maziwa wakamwacha pale pale, hata nyama hawakuchukua. Jumatano Maria alikwenda mashineni kusaga, Eliamini akamzaba vibao hadi unga ukamwagika, na wanawake wenzetu wakainama wakaufagia bila kusema kitu. Maria ana mimba, dada. Ya miezi mikubwa.

Jana alikuja kwangu. Uso umevimba, kichwani amebeba sufuria. Ameniletea mtori, kwa kuwa alisikia sili vizuri tangu jino lilipotoka. Akakaa kwenye kigoda changu akaniomba, kwa kuwa mimi ni mke wa Gerson na neno langu lina uzito, niwaambie shemeji zangu kwamba yeye alikuwa amelala. Hakulia. Alisema hajui amwombe nani mwingine. Mimi nikaunywa ule mtori wote, nikiangalia chini, nikamwambia nitaona la kufanya. Alipotoka nikautapika.

Dada Tabea, Maria alikuwa amelala. Aliyepiga yowe ni mimi.

Ngoja, usinitetee. Najua unavyotaka kusema, kwamba nilitoka nikaona gari linashuka kwenye ukungu nikadhani ni mwizi. Ningesema hivyo, kila mtu angeniamini na kunipa pole. Lakini sikudhani. Nilikuwa nimesimama migombani tangu Gerson anapanda. Nilimwona anaibonyeza ile honi, nilimwona anaipiga ngumi. Nikawa naingoja ilie. Nilisema moyoni, ikilia basi, aende salama, nitavumilia tena. Haikulia. Na Ndeshi alikuwa pembeni yangu, ameshika kanga yangu, kitambaa kimefungwa sikioni. Nilipopiga yowe la kwanza alinivuta. Akaniambia polepole, mama, yule ni baba. Nilimsikia vizuri sana, dada. Nikavuta pumzi nikapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Sitakudanganya kwamba najutia yote. Nilipomwona yuko chini darajani kuna kitu kilicheka ndani yangu, na kitu hicho hicho kikaanza kulia, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa mimi. Ila ninachojua ni kwamba mtoto ameulizwa na baba zake wadogo mara nyingi, wamemwekea Biblia, na amewajibu kwamba alikuwa ndani hakuona kitu. Sikumfundisha. Amebeba uongo wangu mwenyewe kwa hiari yake, na tangu siku hiyo hacheki. Na Maria anapigwa kwa sauti yangu. Ningenyamaza mpaka Jumatatu, ningekuwa nimewasha kiberiti kwa mkono wangu, na safari hii ndani kuna mjamzito.

Nimeshanunua betri mpya. Utaniuliza ya nini sasa. Nilitaka tu kujua ni kazi ya muda gani. Jamaldini alipanda mpaka huku mwenyewe, akafungua nati mbili, akatoa ile nzee akaweka hii, na chai niliyomtengea ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Muda ule tu, dada! Akabonyeza honi kujaribu. Ililia mpaka kwa Sumari wakatoka nje, na Ndeshi nilimkuta chini ya kitanda amejiziba sikio. Ndipo nilipoamua asiwepo hapa Jumapili.

Maana Jumapili, ibada ikiisha, watu wakiwa bado nje ya kanisa na shemeji zangu wote wapo, nitasimama niseme. Nitasema yote, na lile la Ndeshi kuniambia nitalisema pia, wajue mtoto alijaribu kuniokoa. Watakachonifanya sijui. Eliamini ana panga na polisi wana pingu, atakayewahi atanichukua. Mama nimemwambia jana jioni, akanyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake, kisha akasema atakaa benchi la mbele.

Asubuhi hii nimekata jani la isale pale pale mpakani tulipokuwa tunagombania. Wewe umekulia huku, huhitaji kuelezwa. Aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Mama mkwe aliniona nalo akafurahi, akadhani nampelekea mwanawe hospitali. Hapana. Nitalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Maria na Sumari, nipige magoti mbele yao. La Gerson sikulikata.

Basi dada, nisalimie shemeji na watoto wote, mwambie kitinda mimba mama yake mdogo anampenda. Wasalimie na majirani zako wale wa Kiluguru walionifundisha kupika mboga ya maharage. Ndeshi muweke shule hapo hapo, akili anazo. Ukizungumza naye kaa upande wake wa kulia, sikio la kushoto halisikii tena, na ana aibu ya kumwambia mtu arudie. Akisikia honi atashtuka. Mshike tu mkono, itapita.

Ni mimi mdogo wako,
Vaileth, mama Ndeshi